Fundi wa Gerezani anaweza kuunda ndege?

Watu wa mtaani kwetu Kariakoo wakishajua kwamba kazi yangu ni kutengeneza ndege ndogo, huniuliza maswali mawili kwa mpigo: ndege inauzwa bei gani, na kwa nini mafundi wa vyuma wa pale Gerezani wasiiunde wenyewe?

La kwanza nalijibu haraka. Cessna 172 mpya, ile ya watu wanne ambayo marubani wengi duniani wamejifunzia, siku hizi inapita dola 400,000 za Marekani. Iliyotumika, ya miaka ya 1970, unaweza kuipata hata kwa robo ya bei hiyo, lakini uangalie injini imebakiza saa ngapi. Injini ya aina hiyo kwa kawaida hupangiwa saa 2,000 za kuruka, kisha inafunguliwa yote na kuundwa upya. Ukinunua iliyobakiza saa chache, pesa uliyookoa utailipa hukohuko.

Swali la pili ndilo lenye uzito, na wanaoliuliza wana haki ya kujibiwa vizuri. Mimi ni mtoto wa Mtaa wa Sikukuu. Baba yangu mdogo ana kibanda Gerezani. Anayeyusha aluminiamu chakavu, anaimimina kwenye kalibu, jioni anatoka na masufuria. Nilijifunza kushika tupa na nyundo palepale, kabla sijakanyaga darasa lolote la ufundi wa ndege. Kwa hiyo anayeniambia kwamba fundi wa mtaani hawezi kitu, hatutaelewana.

Historia nayo inamtetea. Ndugu wawili Wright walikuwa na duka la baiskeli katika mji wa Dayton, Marekani. Walipokosa kiwanda cha kuwauzia injini nyepesi, fundi wao Charlie Taylor aliwaundia moja kwa muda wa wiki sita, na bloku yake ilikuwa ya aluminiamu ya kumiminwa. Nguvu zake zilikuwa za farasi 12 hivi. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao ikaruka kwa sekunde 12, umbali wa mita 36 na ushei. Nilipomsimulia baba mdogo habari hiyo, aliweka koleo chini.

“Kumbe mwanangu, walioanza ni watu kama sisi?”

“Ndiyo baba. Watu wa karakana.”

Hata jiji letu liliijua ndege ndogo mapema. Mwaka 1914 Mjerumani Bruno Büchner, naye mtu aliyetokea kwenye mashindano ya baiskeli, aliileta ndege yake Dar es Salaam, ambako kulipangwa maonyesho makubwa mwezi Agosti. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza, maonyesho yakafa, ndege ikaingia jeshini. Kuanzia mwaka 1937 ndege za Imperial Airways zinazotua majini, zikitoka Uingereza kwenda Durban, zilikuwa zikishukia bandarini petu, kisha zinaendelea Lindi. Kila nipandapo pantoni kwenda Kigamboni huwaza kwamba maji haya yaliwahi kuwa uwanja wa ndege.

Sasa nieleze kinachokwamisha. Miaka michache iliyopita fundi mmoja wa Tunduma, mkoani Songwe, aliunda helikopta kwa mikono yake, na habari zake zikaenea nchi nzima. Kenya nako wametokea wenzake waliofunga injini ya gari kwenye bodi waliyoichonga wenyewe. Nawaheshimu wote, na nikisikia mtu anawacheka naudhika. Lakini injini ya gari inawaangusha karibu kila mara, na sababu yake ni uzito. Rotax 912 ya Austria, inayotumika sana kwenye ndege za watu wawili, hutoa nguvu za farasi 100 na ina uzito wa kama kilo 60. Injini ya gari dogo yenye nguvu hizohizo inakaribia kilo 100 au kuzidi. Kilo 40 kwenye Noah unaziweka kwenye buti, unasahau. Kwenye ndege ambayo uzito wake wote, pamoja na mafuta na watu, hautakiwi kuvuka kilo 600, hizo ni nusu ya abiria. Tena zinakaa puani. Pua inalemea, rubani anavuta usukani na ndege haiinuki. Halafu gari kwenye foleni ya Msimbazi halitumii hata robo ya nguvu zake, wakati injini ya ndege inatakiwa kufanya kazi kwa robo tatu ya nguvu zake saa baada ya saa, bila kupumzika.

Uzito unapimika, na fundi makini ataupunguza. Kigumu zaidi nitakionyesha kwa ribiti.

Bodi ya ndege ndogo ya bati imeshikwa na maelfu ya ribiti. Tunayoitumia zaidi ina unene wa milimita 3.2. Kichwani ina kitobo kidogo sana, ambacho ndicho kinachokuambia ni ya aloi gani. Isiyo na kitobo inaweza kuwa ile laini isiyobeba mzigo, na kwa macho huwezi kuzitofautisha kwa kitu kingine chochote. Unatoboa tundu, unaondoa makali kwenye ukingo wake, maana ufa hupenda kuanzia kwenye mkwaruzo. Mmoja anapiga kwa nyundo ya upepo, mwenzake upande wa pili amekandamiza kipande cha chuma kizito. Ribiti inajikunja katikati yao. Kisha unapima. Kichwa kipya kinatakiwa kiwe na upana wa mara moja na nusu ya unene wa ribiti, na kimo cha nusu yake: milimita 4.8 kwa 1.6. Kikipungua, unakitoboa, unakitoa, unaanza upya. Na ndege ikishafanya kazi miaka kadhaa, ribiti iliyolegea inajisema yenyewe: huacha mstari mweusi nyuma yake, kwa sababu bati linacheza na kusagika. Kwetu hapa pwani kuna na chumvi. Ukiona rangi imevimba, ukikwangua unakuta unga mweupe, ujue aluminiamu inaliwa.

Baba mdogo anaweza kupiga ribiti hiyo. Nilimpelekea vipande viwili vya bati la ndege lililokwisha kazi, mpwa wangu akashika chuma upande wa pili, mzee akapiga. Nikapima kwa kalipa, vipimo vikakubali. Halafu nikachukua bati la kwake lililokuwa pale kibandani.

“Hili umelitoa wapi, baba?”

“Kwa wale wa vyuma chakavu, Shaurimoyo.”

“Na wao wamelitoa wapi?”

Akanitazama tu. Hapo ndipo tofauti ilipo. Bati ninalofunga mimi kazini linakuja na karatasi inayotaja kiwanda, aina ya aloi na toleo lake. Nikilifunga, naandika kwenye daftari la ndege nimefanya nini, lini, ndege ikiwa na saa ngapi, na kazi inaidhinishwa kwa saini na namba ya leseni. Watu hudhani huo ni urasimu. Chukua mfano: kipande fulani kimepatikana na ufa kwenye ndege iliyoko Brazili. Kiwanda kinatoa taarifa kwa wenye ndege wote wa aina hiyo. Mimi nafungua daftari, naona kama ndege iliyo mbele yangu ina kipande cha toleo lile, na kama kinacho kinatolewa kabla hakijakatika juu ya bahari. Bila daftari ningekuwa nabahatisha na roho za watu. Ndiyo maana ndege nzima, iliyopotelewa na madaftari yake, bei yake inaporomoka.

Kwenye kuruka, uzoefu wangu ni wa kukaa kiti cha kulia, pembeni ya rubani, kwa hiyo nitasema machache. Leseni ya rubani binafsi, kwa viwango vya kimataifa, inataka umri wa miaka 17, cheti cha daktari na saa zisizopungua 40 angani. Kila asubuhi, kabla injini haijawashwa, rubani anachuja mafuta kidogo kutoka chini ya kila tangi kwenye kikombe angavu. Petroli ya ndege tunayotumia ina rangi ya buluu. Dar hewa ina unyevu mwingi, usiku maji hujikusanya ndani ya tangi. Kwenye kikombe yanazama chini na kuonekana kama tone lisilo na rangi. Ukiliona, unachuja tena mpaka liishe.

Na injini ikizima, ndege haidondoki kama nazi. Cessna 172 ikiwa mita 1,000 juu itateleza kama kilomita 9 ikitafuta pa kutua. Ndiyo sababu rubani wa injini moja anayevuka kwenda Unguja hupanda juu mapema na kuhakikisha kila mtu ana jaketi la kuokolea: katikati ya mkondo kuna kipande ambacho ukiwa chini hufiki ng’ambo yoyote.

Turudi kwa mafundi, maana njia ipo. Marekani sheria inamruhusu raia kuunda ndege yake mwenyewe, ilimradi sehemu kubwa ya kazi aifanye kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha, na mkaguzi aikague. Ndege za namna hiyo zilizosajiliwa kule zinahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini waliunganisha ndege ya watu wanne aina ya Sling kwa wiki tatu, kisha ikarushwa kutoka Cape Town hadi Cairo, ikipita na kwetu. Hawakuchonga kila kitu. Walipewa vipande vyenye karatasi zake, wakafuata kitabu, wakaandika kila hatua. Na hapa nyumbani, Morogoro, kampuni ya Airplanes Africa Limited inaunganisha Skyleader 600, ndege ya watu wawili yenye asili ya Jamhuri ya Cheki. Injini yake ni hiyo Rotax niliyoitaja, ambayo inakubali petroli ya magari, kwa hiyo mmiliki hahangaiki kutafuta mafuta ya ndege huko mikoani.

Baba mdogo amenunua kauntabuku. Anaandika kila mzigo wa aluminiamu unaoingia, umetoka kwa nani, na sufuria zipi zimetokana nao. Alianza kwa sababu mteja wa hoteli alirudisha sufuria zilizopasuka na yeye hakujua zilitoka kwenye mzigo upi.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili, tena kwa moyo wote. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, pale Banana, itume mkaguzi Gerezani hata mara chache kwa mwaka, aje bila kutisha watu, awaonyeshe mafundi daftari la ndege linaandikwaje na mtu anayetaka kuunda cha kwake aripoti wapi kabla hajakata bati la kwanza. Na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, ambacho tayari kinafundisha ufundi wa ndege pale Mabibo, kifungue kozi fupi ya jioni kwa wachomeleaji na wapiga bati wasio na vyeti: kusoma michoro, kupima uzito na mizani ya ndege, kutambua aloi, kupiga ribiti na kuandika ulichokifanya. Siku ikitangazwa, majina ya kwanza ninayo, na la baba mdogo liko juu.