Ulikula samaki ukawashwa? Pengine si mzio

Je, msomaji, umewahi kuketi katika hoteli ndogo ya Mji wa Kale, Mombasa, ukala jodari wa kuchoma kwa wali wa nazi, kisha kabla hujanawa mikono uso ukakupata moto, mwili ukakuwasha na moyo ukaanza kwenda mbio? Kama yamekupata, huenda daktari alikwambia kwamba una mzio, au aleji kama wengi wanavyoiita, na kwamba usiguse tena samaki maishani. Huenda alikosea. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kukosea.

Miaka kadhaa iliyopita, jioni moja ya msimu wa kaskazi, aliletwa kwangu mama mmoja, mwalimu kutoka bara, aliyekuwa likizoni na mumewe. Walikuwa wametembelea Fort Jesus, wakapita vichochoro vya Ndia Kuu, na njaa ilipowashika wakaagiza jodari. Nusu saa baadaye mama yule alianza kuumwa kichwa, kuwashwa na kuhisi kifua kinamwaka. Nilimdunga sindano ya kutuliza mzio, na baada ya saa chache akawa mzima. Nikaandika kwenye kadi yake: "Mzio wa samaki."

Miaka mitatu baadaye walikuja tena, safari hii kwa homa ya mtoto. Mama akanieleza kwamba tangu siku ile hajaonja samaki, na watoto wake amewakataza kwa kudhani wamerithi ugonjwa wake. Mumewe akacheka, akasema siku ile hata yeye uso ulimwaka na kichwa kikamgonga, ila alidhani ni jua la Mombasa. Walikuwa wamekula sahani moja!

Hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Mzio ni wa mtu mmoja mmoja, lakini sumu aghalabu huwapata kadhaa waliokula pamoja. Sikuwa nimeuliza swali la kwanza kabisa: "Nani mwingine alikula?" Nilimpeleka mama yule kwa mtaalamu, akapimwa na kulishwa samaki chini ya uangalizi. Hakuwa na mzio wowote.

Sumu isiyonuka

Kilichowapata ni sumu ya histamini. Nyama ya jodari, nguru, vibua na dagaa ina kiini cha protini kiitwacho histidini kwa wingi. Samaki akishavuliwa akakaa kwenye joto, bakteria walio juu ya matamvua na tumboni mwake hugeuza kiini hicho kuwa histamini. Histamini ndiyo ile ile ambayo mwili humwaga wakati wa mzio, na ndiyo maana dalili zinafanana mno.

Jambo la kutisha ni kwamba histamini ikishajitengeneza, haiondoki. Moto wa makaa hauiui, mafuta yanayochemka hayaiui, wala friji haiirudishi nyuma. Ndimu na ukwaju huongeza ladha tu. Tena samaki huyo anaweza kuonekana mzuri na asinuke. Kanuni za chakula za kimataifa zinataka histamini isizidi miligramu 200 kwa kilo moja ya samaki, lakini kiasi hicho hupimwa kwenye maabara, si mezani.

Kinga yake basi ni moja: barafu, tangu baharini hadi jikoni. Mombasa wakati wa kaskazi joto la mchana hupita nyuzi 30. Samaki aliyeachwa kwenye beseni tangu asubuhi hadi alasiri amekwisha kuwa hatari hata kama macho yake bado yanang'aa.

Ukiwa mezani

Simwambii msomaji azikimbie hoteli ndogo. Nyingi zinanunua samaki wa siku hiyo na kumpika mbele yako, jambo ambalo hoteli kubwa zenye friji zilizojaa samaki wa juzi haziwezi kujisifia. Ila uliza, kwa adabu: "Samaki huyu kaja lini, na amewekwa wapi?" Mwenye hoteli muungwana atakuonyesha sanduku lake la barafu bila kununa. Akibabaika, agiza changu, tafi au tewa, ambao kwa kawaida hawana histidini nyingi kama jodari, au kula maharagwe ya nazi.

Ukisikia ladha ya kuwasha ulimini kama pilipili ilhali pilipili haikutiwa, tema na uache. Kamba, kaa na pweza wawe wameiva hadi ndani. Chaza mbichi usile, kwani ndimu haiwezi kuua vijidudu vyote vya kuharisha. Na usifungashe samaki wa kupaka ukambeba kwenye mkoba kwa safari ya gari moshi ya kurudi Nairobi. Saa tano au sita za joto zinatosha kumharibu.

Kumbuka pia kwamba histamini si sumu pekee isiyoogopa moto. Nyama ya kasa ni nyingine. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walikufa baada ya kula kasa. Bunju naye asiliwe kabisa, kwani sumu yake haina dawa.

Ukishaugua

Dalili za histamini huanza baada ya dakika chache hadi saa moja au mbili, na aghalabu huisha ndani ya siku moja. Dawa za kuzuia mzio husaidia. Lakini usijitibu kwa kubahatisha: ukishindwa kupumua, ulimi ukavimba, au ukahisi kuzirai, kimbia hospitali mara moja. Huenda huo ni mzio wa kweli, nao huua upesi. Ukiharisha, changanya lita 1 ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kufutwa, unywe kidogo kidogo.

Ukifika kwa daktari, mwambie ulikula samaki gani, saa ngapi, na nani mwingine alikula. Asipouliza, wewe mwambie. Maneno hayo matatu yangalimwokoa mwalimu yule na miaka mitatu ya kumwogopa samaki bure.

Siku hizi huwa wanashuka Mombasa kila Desemba. Mara ya mwisho alinipigia simu akiwa hotelini, akauliza kama changu wa kupaka ana neno. Nikamuuliza kuhusu barafu. Akajibu kwamba ameshaikagua.