Redio ya umma, soko la nyimbo lisilojua mpaka

NAMANGA. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla foleni ya malori haijaanza kusogea, redio kwenye vibanda vya chai huwashwa hata kabla ya jiko. Kibanda kimoja kimefungulia Redio Taifa ya KBC, cha jirani TBC Taifa. Chapati moja na kikombe cha chai vinatosha kumpitisha mteja kwenye dansi la Dar es Salaam, taarabu ya Unguja, benga ya Nyanza na rumba ya Kinshasa, kisha taarifa ya habari. Hakuna aliyeagiza mchanganyiko huo, lakini wateja wanaendelea kusikiliza.

Siri ya mchanganyiko huo ni nani anayelipa. Stesheni ya biashara huishi kwa matangazo, na mwenye bidhaa hutaka kujua anazungumza na kundi gani: vijana wa mjini, au wasemaji wa lugha moja. Muziki huchaguliwa ili kundi hilo lisihame. Redio ya umma ilianzishwa kwa ajili ya kila mwananchi. Mvuvi wa Kisumu, mkulima wa Njombe na karani wa mjini wote wana haki ya kusikia chao, na kila mmoja hulazimika kusubiri zamu yake huku akisikia cha mwenzake. Huko kusubiri ndiko kumewafundisha wengi kupenda muziki ambao wasingeutafuta wenyewe. Simu humpa mtu wimbo anaoujua tayari.

Nyimbo zenyewe zilipita njia zilezile za wafanyabiashara. Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakapiga muziki Arusha, kisha wakavuka kuingia Kenya mwaka 1971 na kuunda Simba Wanyika. Humo ndimo ilimochipuka Les Wanyika mwaka 1978, bendi ya "Sina Makosa". Samba Mapangala alitoka Kongo, akapitia Uganda, akaweka makazi Nairobi na kuongoza Orchestra Virunga. Remmy Ongala, mzaliwa wa mashariki ya Kongo, alifika Dar es Salaam mwaka 1978, akawa sauti ya wanyonge wa Tanzania.

Nairobi ilikuwa na kampuni za santuri. Dar es Salaam, kwa miaka mingi, studio ya bendi ilikuwa ya Redio Tanzania. NUTA Jazz, Vijana Jazz na Mlimani Park zilirekodi humo kwenye tepe, na msikilizaji wa mbali akazijua kupitia redio kabla hajawahi kuingia ukumbini.

Salamu na biashara

Kisha kuna salamu. Kwa miongo kadhaa wasikilizaji walinunua kadi, wakaandika majina ya ndugu, majirani na wateja, wakaomba wimbo. Leo wengi hutuma ujumbe wa simu. Mwenye duka anayemsalimu mteja wake wa ng'ambo ya mpaka, kisha wimbo ukafuata, amefanya jambo ambalo bango haliwezi: amemheshimu mtu mbele ya watu.

Faida hiyo huonekana sokoni. Anayetambua wimbo wa mwenzake ana pa kuanzia mazungumzo kabla ya kufika kwenye bei. Kiswahili cha nyimbo, pamoja na maneno mawili matatu ya Kilingala, kimewapatanisha wauzaji na wanunuzi wengi ambao hawakusoma shule moja.

Kinachoweza kupotea

Hata hivyo, mazoea haya hayana ulinzi. Mawimbi ya kati yalisafiri mbali, hasa usiku, bila kujali mpaka. FM ina sauti safi lakini haifiki mbali: gari likitoka Namanga kuelekea Kajiado, stesheni ya Arusha huanza kukwaruza, kisha hunyamaza. Tepe za zamani nazo huchakaa kwa joto na unyevu, na wimbo ambao haukuwahi kutolewa kwenye santuri ukiharibika kwenye tepe, umekwenda.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2021, na mwaka 2022 ikaipokea Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Vikao vya ushuru na vibali vinaendelea, na vinahitajika. Lakini mashirika ya utangazaji ya umma yana hazina ambayo tayari ni ya pamoja. Yangeweza kubadilishana nakala za nyimbo hizo, na kurusha saa moja ya muziki kwa wakati mmoja kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali, Bujumbura na Kinshasa.

Hadi hapo, Namanga inajitegemea. Lori la kwanza likisogea, dereva humalizia chai yake na kugeuza kitufe cha redio taratibu, akitafuta atakachosikiliza upande wa pili.