Utalii wa chakula Masasi na Newala: Mali bado inaoza chini ya mikorosho

Msimu wa korosho unapofika, kuanzia Oktoba hadi Januari, macho ya wafanyabiashara wa Masasi na Newala huelekea kwenye jambo moja tu: bei ya kilo ya korosho ghafi mnadani. Katika minada ya mwanzo ya Oktoba 2024 bei hiyo ilivuka shilingi 4,000, na wengi walifurahi. Lakini tunda linaloibeba korosho, yaani bibo, halina mnada wala ghala. Sehemu hukamuliwa kuwa uraka, sehemu hupikwa nipa kwa kificho, na sehemu kubwa huoza chini ya mti.

Wakati huohuo wilaya hizi zinatamani wageni. Swali la mfanyabiashara mdogo ni hili: je, chakula na kinywaji cha Wamakonde na majirani zao, Wamakua na Wayao, kinaweza kuuzwa kwa mgeni kwa faida, na nani aanze?

Mgeni ni nani?

Kosa la kwanza katika biashara hii ni kumsubiri mtalii wa Ulaya mwenye kamera. Njia kuu za utalii hazipiti hapa. Mradi wa serikali wa kukuza utalii wa kusini, REGROW, ulilenga hifadhi za Nyerere, Mikumi, Ruaha na Udzungwa, na Masasi haimo. Watalii wanaofika mkoani Mtwara huvutwa zaidi na pwani: mji wa kale wa Mikindani, na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyotangazwa mwaka 2000.

Mgeni aliyepo tayari ni mwingine. Ni dereva wa lori la korosho, karani wa ghala, ofisa wa serikali aliye safarini, msafiri wa Songea, na mfanyabiashara anayevuka kwenda Msumbiji kwa Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010 kwenye Mto Ruvuma. Wapo pia wanaokwenda Lupaso, alikozaliwa na kuzikwa Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin Mkapa, wanaofika Ndanda kwenye abasia ya Wabenediktini iliyoanza mwaka 1906, na wanaopanda Newala kutazama bonde la Ruvuma kutoka Shimo la Mungu.

Mgeni huyu analala na anakula. Tatizo ni kwamba mara nyingi hupewa chipsi, wali na soda, vitu anavyovipata popote nchini. Fedha yake nyingi inarudi Dar es Salaam kununua mchele, mafuta na vinywaji vya viwandani. Akila ugali wa muhogo kwa kisamvu kilichotiwa korosho zilizotwangwa, mbaazi za nazi, njugumawe, au ming'oko, yale mizizi ya porini yanayochemshwa kwa chumvi, fedha hiyo inabaki kijijini.

Ni vyema ikumbukwe pia kwamba minada ya korosho sasa inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Mnunuzi anaweza kushindania mzigo akiwa mbali. Nyumba za wageni zilizotegemea wanunuzi wa msimu hazina budi kutafuta sababu nyingine ya kumfanya mtu asimame Masasi au apande Newala.

Mfano wa Goa

Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16, ukapandwa India na katika pwani ya Msumbiji. Ndiyo maana Goa, nchini India, wana kinywaji chepesi cha mabibo kiitwacho urrak, jina lililo karibu kabisa na uraka wa Mtwara. Tofauti ni kwamba urrak ya Goa hukenekwa, wakati uraka wa huku ni maji ya mabibo yaliyochachushwa tu. Urrak ikikenekwa tena hupatikana pombe kali iitwayo feni.

Feni ilidharauliwa kwa miaka mingi na kuhesabiwa pombe ya walalahoi. Mwaka 2009 ilipata hati inayolinda jina lake, kwamba feni ni ya Goa pekee. Mwaka 2016 serikali ya jimbo hilo ikaitangaza kuwa kinywaji cha urithi. Leo mtalii wa Goa hutembezwa shambani, huoneshwa mabibo yakikamuliwa, huonja, kisha hununua chupa.

Brazil wamepita njia nyingine. Katika jimbo la Piauí hutengenezwa cajuína, maji ya mabibo yaliyochujwa yakawa maangavu, yakatiwa kwenye chupa na kuchemshwa humohumo. Haina kileo hata kidogo. Mwaka 2014 nayo ilitambuliwa rasmi kuwa urithi wa taifa hilo.

Kwa Masasi na Newala, njia ya Brazil ndiyo yenye hatari ndogo. Inamfaa mgeni Mwislamu na Mkristo, dereva na mtoto. Njia ya Goa inagongana na sheria: tangu mwaka 1966 ni kosa nchini kutengeneza au kuuza pombe ya moshi bila leseni, na nipa ni pombe ya moshi. Licha ya polisi, mkenekaji wa kificho hana kipimo cha kumhakikishia mnywaji usalama. Mwenye hoteli atakayempa mgeni nipa "aonje kidogo" anahatarisha leseni yake na maisha ya mteja. Uraka huhesabiwa miongoni mwa pombe za kienyeji, nao unaweza kuuzwa penye leseni.

Hesabu ya bibo

Bibo lina uzito wa mara tano au zaidi ya korosho yake. Mkulima anayevuna tani moja ya korosho ghafi ana walau tani tano za mabibo, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni maji yanayoweza kukamuliwa. Hapo kuna lita 2,500 na ushei. Katika msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho. Kwa hesabu hiyohiyo, mabibo yalipita tani milioni moja na nusu.

Lakini mfanyabiashara asidanganywe na wingi huo. Mama lishe mwenye wateja 40 kwa siku, kila mmoja akinywa glasi ya robo lita, anauza lita 10 kwa siku. Kwa miezi mitatu ni lita 900. Shamba la mkulima mmoja wa kawaida linamtosha na kubaki. Kwa hiyo kinachopungua ni walaji, na anayefikiria kuanza na mtambo mkubwa atafunga mtaji wake bure.

Gharama iko kwingine. Bibo huharibika ndani ya siku moja au mbili. Korosho husubiriwa idondoke, ila bibo la juisi linatakiwa lichumwe kwa mkono asubuhi, kabla halijapasuka chini. Hiyo ni kazi ya ziada, na mchumaji lazima alipwe. Pili, mikorosho hupuliziwa salfa na dawa nyingine dhidi ya ubwiri unga, hivyo mabibo lazima yaoshwe vizuri.

Na kuosha kunataka maji. Maji ndiyo shida kongwe ya uwanda wa Makonde. Chemchemi ziko chini ya mteremko, na kwa vizazi wanawake wa Newala walishuka na kupanda na mitungi. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950 kusukuma maji kutoka bondeni, lakini mjasiriamali wa juu ya uwanda bado anapaswa kupiga hesabu ya ndoo kabla ya hesabu ya chupa. Huenda ikawa nafuu kukamulia chini, Masasi au Ndanda, na kupandisha Newala chupa zilizo tayari.

Ukakasi wa bibo huondolewa kwa kuchanganya maji yake na uji mwepesi wa mchele au jelatini, kisha kuchuja. Uji wa mchele ni bora zaidi kibiashara, kwani jelatini nyingine hutokana na nguruwe na itawafukuza wateja wengi wa Kusini. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, kimetengeneza juisi, jemu na mvinyo wa mabibo na kufundisha vikundi. Atakayeuza kwenye chupa apitie SIDO ili apate barua ya kumfikisha TBS.

Korosho ya mezani

Kilo moja ya korosho iliyobanguliwa hutokana na kilo nne hadi tano za korosho ghafi. Kwa bei ya shilingi 4,000, mali ghafi peke yake ni shilingi 16,000 hadi 20,000, kabla ya kuni, mbanguaji na mfuko. Anayeuza chini ya hapo anakula mtaji wake. Lakini gramu 50 zilizokaangwa vizuri, zikawekwa mezani pamoja na juisi, ni mali ghafi ya shilingi 1,000 tu au pungufu. Mgeni hushindwa kununua kilo, ila kisahani hakimshindi.

Cha kuzingatia

Mwenye nyumba ya wageni aanze na mlo mmoja wa kienyeji kwa siku maalumu, bei ikiwa imeandikwa ukutani. Nyanda za kaskazini zilianza hivyo: Mto wa Mbu, mmoja wa miji iliyoingia kwenye utalii wa utamaduni ulioanzishwa miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi, hauna mnyama wa kuonesha, lakini mgeni hula chakula cha kijiji na kuonja pombe ya ndizi kisha analipia. Unguja nako shamba la karafuu na iliki huingiza fedha kwa kutembelewa.

Ngoma ya sindimba inaweza kusindikiza mlo. Jando na unyago visiuzwe, maana ni siri ya wenyewe, na mgeni aliyeingizwa kwa fedha huacha ugomvi kijijini.

Mwisho, mkataba na mkulima uandikwe, hata kama ni wa debe kumi tu. Siku bibo litakapokuwa na bei, mwenye mti atadai sehemu yake, na atakuwa na haki. Heri bei hiyo ipangwe sasa, msimu ujao haujaanza.