Usiniulize rangi ya silikoni

"Fundi, injini inavuja oili. Ninunue silikoni nyekundu, nyeusi au ya kijivu?" Swali hili huletwa na wenye Toyota IST, wenye Noah, wenye Mark II, na hata mafundi wenzangu wanaonipigia simu wakiwa wamesimama kwenye duka la vipuri mtaa wa Gerezani, tyubu mbili mkononi. Nimechoka kulijibu, kwa sababu rangi si kipimo cha kitu chochote. Hakuna kanuni ya dunia nzima inayosema nyekundu lazima iweje. Kila kiwanda hujichagulia. Kwa mazoea nyekundu huuzwa kama ya joto kali, nyeusi kama ya kuhimili oili, na kijivu kama ya sehemu zinazokazwa kwa nguvu, ila ukweli wa tyubu uko kwenye maandishi ya mgongoni, ambayo karibu hakuna anayeyasoma. Na kabla hujafika kwenye maandishi hayo kuna swali la kwanza kabisa: je, mahali hapo panataka silikoni?

Mara nyingi hapataki.

Imani iliyozagaa gereji ni kwamba gari likishazeeka, gasketi peke yake haitoshi. Eti lazima isaidiwe, na kadiri silikoni inavyokuwa nyingi ndivyo kazi inavyokuwa imara. Wapo wanaonunua gasketi mpya, nzima kabisa, kisha wanaipaka silikoni pande zote mbili "kwa usalama". Hakuna usalama hapo. Gasketi hufanya kazi kwa kubanwa: boliti zinapokazwa, karatasi, mpira au chuma chake hujaza vishimo vidogo vya nyuso mbili na kubaki hapo kwa miaka. Silikoni mbichi ni utelezi. Ukiipaka kwenye gasketi ya mpira ya kava la tapeti, lile la juu ya injini, kisha ukakaza, gasketi inateleza na kutoka kwenye mfereji wake. Kivujo kinarudi wiki ileile. Fundi anaongeza silikoni, anakaza zaidi. Boliti za kava hilo kwenye injini nyingi ndogo za Toyota zinahitaji takriban Nm 10 tu, nguvu ya mkono mmoja kwenye spana fupi. Ukizidisha, unapinda kava au boliti inakula uzi kwenye alumini, na sasa umejitengenezea tatizo ambalo hukuwa nalo.

Gasketi ya kava la tapeti huwekwa kavu. Silikoni inaruhusiwa tone dogo tu kwenye zile pembe ambapo kava la cheni ya taimingi linakutana na silinda hedi, kwa kuwa pale kuna ufa wa maungio ambao mpira hauwezi kuujaza. Basi.

Hapo ndipo wananijibu: mbona Toyota wenyewe wanatumia silikoni kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini? Ni kweli. Sampu ya injini ya 1NZ-FE, ambayo imo kwenye IST nyingi zinazotembea mijini kwetu, haina gasketi ya karatasi tangu kiwandani. Inazibwa kwa silikoni. Lakini inawekwa uzi mmoja usiokatika, mwembamba wa milimita chache, ukipita upande wa ndani wa matundu ya boliti, juu ya chuma kilichosafishwa hadi hakina hata unyevu wa oili, na sampu inafungwa ndani ya dakika chache kabla silikoni haijaanza kushika ngozi. Ninachokiona mtaani ni silikoni iliyopakazwa kwa kidole, nene kama siagi, juu ya chuma kinachong'aa kwa oili. Silikoni haishiki penye oili.

Angalia kinachotokea baada ya hapo, kwa maana hapa ndipo injini zinapokufa. Sampu ikikazwa, silikoni iliyozidi inatoka nje, na mwenye gari anafurahi kuona imejaa vizuri. Anasahau kwamba kiasi kama hicho kimeingia ndani, asikokuona. Humo ndani kinaning'inia kama nyuzi kwenye oili ya moto inayorushwarushwa na kranki. Siku moja kipande kinakatika na kudondoka chini ya sampu, mahali uliko mdomo wa pampu ya oili wenye chujio la waya. Pampu inakivuta. Kinaganda kwenye chujio, kingine kinafuata, na njia ya oili inazidi kuwa finyu. Taa nyekundu ya oili inaanza kumwekamweka gari likiwa limesimama kwenye foleni, ikizima ukikanyaga mafuta. Mwenye gari anapima kijiti, anakuta oili ipo ya kutosha, anaambiwa sensa imeharibika. Sensa ni nzima. Beringi za kranki zina nafasi ya sehemu chache za mia za milimita, na nafasi hiyo ikikosa oili yenye presha, chuma kinasugua chuma. Kinachofuata ni mlio ule mzito wa kugonga kutoka chini ya injini, na bei ya kupasua injini nzima kwa sababu ya tyubu iliyonunuliwa kuokoa hela.

Kuna pia suala la haraka. Silikoni ya aina hii hukauka kwa unyevu wa hewa, ikianzia nje kuelekea ndani. Juu inashika ngozi mapema, katikati bado ni uji. Tyubu nyingi zinataka saa 24 kukomaa kabisa. Gereji nyingi zinamimina oili na kuwasha gari kabla mteja hajamaliza soda. Na wanaosafisha nyuso za alumini kwa diski ya msasa kwenye grainda waache leo hii: unga wa msasa unaingia kwenye oili na kuzilamba beringi. Tumia kikwaruzo cha plastiki na kisafishio cha breki.

Tena, kivujo chenyewe huwa na sababu. Kwenye gari la zamani kagua kwanza valvu ya PCV, ile ndogo inayotoa hewa chafu ya ndani ya injini kuirudisha ikachomwe. Ikiziba kwa masizi, presha inajikusanya ndani na kuisukuma oili nje kupitia kila sili dhaifu. Ni kifaa cha bei ndogo. Ukiziba kivujo kimoja kwa silikoni huku PCV imeziba, oili itatafuta mlango mwingine. Na sili ya kranki iliyokakamaa kwa joto haiponi kwa kupakwa silikoni kwa nje: kranki inazunguka, silikoni haizunguki nayo. Badilisha sili.

Mahali pa kupiga marufuku moja kwa moja: gasketi ya silinda hedi, ambayo inazuia mlipuko wa petroli wenyewe, maungio ya ekzosti manifoldi, ambako moshi unapita nyuzi 600 kwa urahisi wakati hata tyubu ya "joto kali" inaishia nyuzi mia tatu na kitu, na popote panapogusa petroli, maana petroli huivimbisha silikoni na kuilainisha. Silikoni ya madirisha na sinki inayonuka siki isikaribie injini kabisa. Asidi yake inakula chuma, na mvuke wake unaua sensa ya oksijeni.

Maswali mengine ninayoulizwa, ya oili, grisi na gundi, kwa ufupi. Oili ya injini: fuata namba ya kitabu cha gari. 5W-30 haigeuki 20W-50 kwa sababu gari limetembea kilomita laki mbili. Oili nzito inachelewa kufika juu asubuhi, inausumbua mfumo wa VVT-i wa kurekebisha muda wa valvu, na haizibui ringi zilizonasa kwenye masizi. Gia boksi ya CVT ina oili yake. Oili ya kawaida ya gia boksi otomatiki (ATF) humo inauharibu mkanda wa chuma. Pini za kalipa za breki: grisi maalumu ya silikoni, kwani grisi ya kawaida huvimbisha mipira yake. Kwenye tanki la breki usitie chochote ila fluidi ya breki ya DOT iliyoandikwa kwenye kifuniko. Beringi za magurudumu: grisi ya lithiamu inayostahimili joto, jointi za CV: ile nyeusi yenye molibdenamu. WD-40 inalegeza kutu na kufukuza maji, lakini bawaba ikishalegea ipake grisi. Gundi ya kuzuia boliti kulegea: ya bluu hufunguka kwa spana, nyekundu inadai moto wa nyuzi kama 250, kwa hiyo usiitie kwenye boliti ndogo utakayotaka kuifungua kesho. Mpira wa mlango ulioachia: gundi ya mpira inayopakwa pande mbili na kusubiriwa ikauke kidogo, supa gluu inakakamaa na kupasuka mlango ukifungwafungwa. Tanki la plastiki la rejeta lililopasuka: epoksi ikufikishe nyumbani, kisha nunua rejeta. Oili chafu usiipulize chini ya gari kuzuia kutu, inaozesha bushi zote za mpira. Kioo cha mbele hushikwa kwa poliyurethani, kamwe si silikoni, na gari lilale gereji kwa saa zilizoandikwa kwenye tyubu kabla ya kuingia barabarani.