Kitabu kimoja cha ekonomi hakitoshi

Katika universite zetu mwanafunzi wa ekonomi mara nyingi ana silabu moja tu kwa kila somo, ile ya profesa wake. Anaishika kwa kichwa, anairudisha siku ya mutihani. Kuandika silabu si kosa. Hatari ni kwamba mawazo ya shule moja atayahesabu kuwa sheria ya dunia.

Tutwae jambo ambalo kila mama wa Kasungami, pembeni ya Lubumbashi, analijua: bei ya unga. Mahindi mengi yanatoka Zambia, yanapita Kasumbalesa. Zambia ikikataza kuyauza inje, unga unapanda bei. Kitabu cha kawaida, kinachofuata njia ya Paul Samuelson tangu mwaka wa 1948, kitasema: mahindi yamepunguka, wanunuzi ni walewale, basi bei inapanda. Ni kweli. Lakini mufuasi wa Keynes atauliza juu ya kazi na mishahara: nani ana feza ya kununua? Mufuasi wa Marx atauliza mashamba ni ya nani, na sababu gani inchi yenye shaba nyingi hivi inangojea chakula mupakani. Mungine atahesabu kazi ya mama nyumbani, ambayo hakuna anayeilipa. Naye Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka wa 2009, alionyesha kwamba wanakijiji wanaweza kuchunga pori la wote kwa sheria zao wenyewe. Sisi tunaoona miti inavyoisha kwa makala, sherti tumusikie.

Wanafunzi wa Ufaransa walilalamika juu ya jambo hili mwaka wa 2000. Katika 2014 vyama vya wanafunzi vya inchi nyingi viliandika barua moja: waliomba mawazo mbalimbali, njia mbalimbali za kuchunguza, na musaada wa elimu zingine, kama historia.

Je, hii si kufundisha kwamba hakuna ukweli? Wasomaji wa Mtakatifu Tomaso wasiogope. Katika Summa anaweka kwanza maneno ya wenye kumupinga, kiisha anajibu. Hasemi kwamba wote wana haki sawasawa.

Hata sisi tunaofundisha mafundisho ya Eklezia juu ya kazi tuna deni hapa. Mara ngapi tumetoa Rerum novarum ya 1891 peke yake? Papa Leo XIII aliwajibu wasosialisti, aliwajibu pia matajiri waliosema mushahara ni mapatano tu. Asiyesoma maneno yao anasikia nusu ya mazungumuzo. Kurasa mbili za Adam Smith na mbili za Marx zinatosha kwa kuanza. Na swali la kwanza liwe lile la unga.