Nabwana wa Wakaliga: sinema ya chini ya dola 200

Malori yanayobeba mizigo kutoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala hupita Salgaa, kituo cha barabarani baada ya Nakuru ukielekea Eldoret. Sisi wa pwani hulisikia jina hilo zaidi kwenye habari za ajali. Kwa dereva na utingo wake, Salgaa ni mahali pa kuegesha, kula na kulala. Na katika vituo kama hivi, burudani ya jioni imekuwa kibanda cha video: runinga moja, mabenchi, filamu ya Kichina au ya Kihindi, na juu yake sauti ya DJ Afro akieleza kwa Kiswahili kila teke linalorushwa, na kuongeza mzaha ambao mwenye filamu hakuuwaza kabisa.

Ukiendelea na barabara hiyo hadi Uganda utakuta kazi ileile. Huko mtu huyo huitwa VJ, na huzungumza Kiganda. Pasipo kumwelewa VJ ni vigumu kumwelewa Isaac Nabwana, mtengenezaji filamu wa mtaa wa Wakaliga, Kampala, ambaye dunia inamjua kwa jina la Wakaliwood.

Nabwana alizaliwa mwaka 1973. Utotoni hakwenda sinema. Kaka zake ndio waliokwenda, wakirudi wanamsimulia. Yaani filamu alizisikia kabla ya kuziona. Alipokuwa mtu mzima alifyatua matofali akauza, na fedha hizo zikamsaidia kuanza. Mwaka 2005 alianzisha kampuni yake, Ramon, jina alilolipata kwa kuunganisha majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica. Kuhariri alijifundisha mwenyewe, kwenye kompyuta alizounganisha kwa vipuri.

Filamu iliyomtoa ni Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010. Gharama yake inatajwa kuwa chini ya dola 200, fedha ambayo haitoshi hata ukumbi wa harusi hapa Mombasa. Bunduki zilichongwa kwa mbao na vyuma chakavu. Helikopta na milipuko vilitengenezwa kwenye kompyuta, na vinaonekana hivyo hivyo, wala hakuna anayejaribu kukudanganya. Damu mwanzoni ilikuwa ya ng'ombe, hadi mwigizaji mmoja akaugua. Sasa ni rangi ya chakula ndani ya kondomu, inayopasuliwa kwa kuvutwa uzi. Mimi si mpenzi wa damu kwenye skrini, lakini hii nimeitazama hadi mwisho nikicheka. Kapteni anauawa mapema tu, na filamu inaisha bila kutuambia muuaji ni nani!

Waigizaji hawakulipwa mshahara. Filamu ikishakamilika walichukua DVD, wakaziuza mlango kwa mlango, kila mmoja akibaki na sehemu ya alichouza. Ilibidi wakimbie, kwa sababu baada ya siku chache maharamia huwa tayari wamenakili na kuuza kwa bei ya chini. Tarishi wa filamu alikuwa mwigizaji mwenyewe, na mnunuzi alikuwa jirani aliyemwona akipigwa ngumi uwanjani.

Kompyuta ilikuwa na nafasi ndogo, kazi ya zamani ikafutwa ili mpya ipate kutengenezwa. Ndiyo maana filamu hiyo isiyo na sauti ya juu haipo tena. Iliyobaki, na iliyotazamwa mara mamilioni YouTube, ni ile yenye sauti ya VJ Emmie akishangilia na kutania kwa Kiingereza. Wazungu waliokutana nayo walidhani huo ni ubunifu wa ajabu. Dereva yeyote anayelala Salgaa angewaambia kwamba filamu hutazamwa hivyo.

Mmarekani mmoja, Alan Hofmanis, aliiona sehemu ya kazi hiyo akahama New York na kwenda kuishi Wakaliga, akawa mwigizaji na mshirika. Mwaka 2015 waliomba dola 160 kwa mchango wa mtandaoni wakapata zaidi ya 13,000. Bad Black ilifuata mwaka 2016, na mwaka 2019 Crazy World ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto, Kanada.

Nalileta jambo hili hapa kwa sababu ya vijana wetu wa Likoni, Malindi na Lamu wanaotaka kutengeneza filamu. Wengi husubiri mfadhili. Mfadhili akija huja na mada yake, filamu huonyeshwa mara moja hotelini baada ya chai, kisha haionekani tena, na mtaa uliopigwa picha haukualikwa. Kiasi fulani nawaelewa: sheria yetu ya filamu, sura 222, inataka leseni kabla ya kupiga picha, na kijana asiye na nauli hawezi kufuatilia makaratasi. Lakini simu aliyo nayo mfukoni leo huenda ikaishinda kamera aliyokuwa nayo Nabwana mwaka 2010. Asichokuwa nacho ni mtu wa mtaani kwake anayesubiri filamu itoke ainunue, na huyo Nabwana alikuwa naye kabla hata ya kuwa na kompyuta nzima.