Freddy Tsimba: maganda ya risasi yanapobeba uzima

Uvira na kandokando ya ziwa Tanganyika, vita ikipita, maganda ya risasi yanabaki chini. Yanaweza kufaa kitu?

Kwa Freddy Tsimba, ndiyo. Fundi huyu wa sanamu za chuma alizaliwa Kinshasa mwaka 1967. Alisoma Académie des Beaux-Arts, kisha akajifunza moto kwa wahunzi wa mtaani. Kazi hiyo ni ya mababu: huko Katanga, mbele wazungu hawajafika, misalaba ya shaba ilikuwa pesa.

Tsimba anakusanya maganda, vijiko na mapanga, anaviunga kwa kuchomea. Kwa mapanga 999 alisimamisha nyumba. Mwaka 2018 sanamu yake ya maganda, mwanamke mwenye mimba, iliwekwa Chaillot, Paris, pale Tangazo la Haki za Binadamu lilipopitishwa mwaka 1948. Juu ya nini mimba? Kile kilichoua, sasa kinabeba uzima.

Lakini angalisho kwa wazazi: ganda tupu si risasi nzima wala gurneti. Mtoto akiona kitu asichokijua, asiguse. Ajulishe mkubwa, naye ampashe shefu wa kartie.